Kopo la Wageni

Bondeni Skardal, mtu akikuomba nta ya skii humnyimi. Kumnyima jirani ni uchoyo, na mchoyo hazikwi na watu wengi. Unampa, tena kwa tabasamu, na unamwambia, "Paka nyingi, usione haya." Ila unampa ile mbaya.

Kila nyumba ilikuwa na makopo mawili. Moja lilikuwa la wenyewe, nta yake imepikwa kwa siri na kufichwa kuliko fedha za harusi. La pili lilikuwa la wageni, limejaa takataka iliyofanana na nta kwa rangi na kwa harufu. Kila mtu alijua kwamba mwenzake analo kopo la wageni, na kila mtu angeapa mbele ya mchungaji kwamba yeye hana. Watu waliishi hivyo miaka nenda miaka rudi, na Jumapili wakasalimiana vizuri kanisani.

Asiyeijua theluji atauliza kelele zote hizi za nini. Skii ni mbao mbili tu za kutelezea juu ya theluji, na mbao haina akili. Akili ni nta. Theluji ya baridi kali ina nta yake, theluji ya jua ina yake, na ngumu kuliko zote ni theluji mpya siku ambayo kipimajoto kimesimama kwenye sufuri. Siku hiyo ukikosea nta, theluji hunata chini ya mbao na hutoki ulipo.

Bingwa wa nta ya sufuri alikuwa Tarjei Bråten, mjane wa miaka sitini na mmoja, mkata magogo. Aliipika nyuma ya zizi, upepo ukivuma kuelekea msituni ili majirani wasinuse. Ndani ya sufuria aliweka lami ya misonobari, nta ya nyuki, mpira wa ndani wa baiskeli, na vipande vya santuri za marehemu mkewe. Binti yake Eldrid alizoea kusema kwamba mama bado anaimba, ila sasa anaimba chini ya miguu yao. Nta hiyo ilikaa katika kopo la bluu lenye alama ya ukoo. Kopo la wageni lilikuwa la kahawia, limebonyea ubavuni, zamani lilitiwa tumbaku.

Eldrid alikuwa na miaka ishirini na minne na alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa. Kwa majira manne ya baridi alikuwa akiwafundisha wasichana kumi na mmoja kukimbia na skii, wakitumia njia ya klabu saa ambazo wanaume hawaitaki. Wanaume walinung'unika. Mmoja alisema mbio huharibu tumbo la uzazi. Mwingine alisema msichana akishazoea kupita wengine hataki tena kusimama jikoni, na huyu angalau alisema la moyoni.

Halafu likaja jambo ambalo halikuwahi kuwapo. Michezo ya Olimpiki ya baridi ya mwaka ule wa hamsini na mbili ingefanyika nyumbani, Oslo, na kwa mara ya kwanza wanawake nao wangekimbia kilomita kumi. Wanorwe wanne wakachaguliwa, na Eldrid Bråten wa Skardal akawamo.

Klabu ikakutana. Mwenyekiti alikuwa Anfinn Haugstad, mwenye kiwanda cha mbao, mtu mkubwa, mpole wa sauti na mgumu wa uso. Aliuweka mkono wake mezani kama anayepima ubao.

"Binti Bråten, maneno yamekuwa mengi, tuyamalize," alisema. "Ukirudi ukiwa mmoja wa watatu wa kwanza, wasichana wako watapata njia, banda na mwalimu, kama wavulana. Usipofika hapo, jambo hili tunalifunga, na lisiletwe tena mezani."

"Milele?"

"Mpaka mimi nife. Na babangu aliishi miaka tisini na minne."

Wakacheka. Eldrid hakucheka. Akaunyoosha mkono, wakapeana, na Skardal mkono ukishapeanwa umepeanwa.

Siku ya safari watu walijaa stesheni. Tarjei alimkabidhi binti yake mfuko wenye makopo yote mawili. Alikuwa akitazama masikio ya watu, si nyuso.

"Na hili la kahawia la nini, baba?"

"La kawaida yake," Tarjei alijibu haraka. "Nitakuja mwenyewe siku ya mbio. Nitakukuta kabla hujaanza. Nina neno."

"Si uniambie sasa?"

"Neno la siku hiyo ni la siku hiyo, mwanangu."

Treni ilipopiga honi, Anfinn Haugstad akawapenya watu mpaka dirishani. Alitoa ndani ya koti kopo dogo jeupe, akalitia kiganjani mwa Eldrid na kukifumba kwa vidole vyake.

"Ikiwa sufuri na theluji mpya," alisema, "paka hii."

"Asante sana, mwenyekiti. Umefanya wema mkubwa."

Akatabasamu, naye Anfinn akatabasamu. Kopo la wageni hili, Eldrid aliwaza. Mzee yule hakutosheka na masharti yake, alitaka na kumzika yeye mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Treni ilipokaribia daraja, akateremsha kioo na kulirusha lile kopo kwenye theluji, mbali, kwa nguvu zote za mkono wake. Kwa dakika kadhaa alijisikia vizuri sana.

Huko Oslo wanawake wanne waliwekwa katika nyumba moja ya mbao juu ya mji. Kocha wao alikuwa mtu mwema asiyelala vizuri. Jioni ya kwanza aliwakalisha mezani akawasihi, "Mabinti, ninyi ni timu moja. Nta yenu iwe moja. Tukubaliane."

Wote wanne wakaitikia kwa vichwa, "Ndiyo, kocha." Kisha mmoja akaenda kupaka skii zake katika banda la kuni, mwingine chooni, wa tatu chumba cha makaa, na Eldrid akajifungia katika ghala la viazi. Kujaribu nta mbele ya macho ya mtu ni kuitoa bure, kwa hiyo kopo la bluu hakulifungua hata mara moja. Isitoshe baridi ilikuwa kali wiki nzima, na ile ilikuwa nta ya siku moja tu.

Aliyemzoea zaidi ni Gunnvor, msichana mwenye mabaka usoni kutoka bonde la kaskazini, mcheshi, anayekula mkate na jibini ya kahawia hata kitandani. Walisimama pamoja dirishani wakiwatazama Wafini ng'ambo ya ua. Wafini walikuwa wamepika nta yao nje, kweupe, katika sufuria moja juu ya jiko dogo, na wote wanachovya burashi ileile huku wanacheka.

"Tazama wale," alisema Gunnvor. "Utadhani wanapika uji."

"Hawana siri, maskini," Eldrid alijibu, na aliwahurumia kwa dhati.

Usiku wa kuamkia mbio theluji ilianguka. Asubuhi Eldrid alitoka na kukitazama kipimajoto kilichopigiliwa mlangoni. Sufuri. Si juu, si chini. Moyo ukamruka kwa furaha. Siku ya kopo la bluu ilikuwa imekuja yenyewe, kana kwamba imetumwa kutoka nyuma ya zizi lao!

Alikuwa akimaliza kupaka skii zake pale ghalani mlango ulipogongwa. Ni Gunnvor, macho mekundu.

"Eldrid, dada yangu, nimekwisha. Nta yangu inanata. Nimeikwangua mara tatu, nimepaka upya mara tatu. Nitasimama mbele ya nchi nzima kama ng'ombe matopeni. Huna kidogo? Ncha ya kidole tu."

Eldrid akamtazama. Aliwafikiria wasichana kumi na mmoja na nafasi tatu. Gunnvor alikuwa mwepesi kuliko yeye kwenye miteremko, hilo alilijua. Mkono wake ukaingia mfukoni kabla hajauambia chochote, ukatoka na kopo la kahawia.

"Chukua," alisema. "Paka nyingi, usione haya."

Gunnvor alimbusu shavuni, akaondoka mbio. Eldrid alibaki amesimama kati ya viazi, shavu limelowa kidogo. Akajiambia kwamba ni kilomita kumi tu, na kwamba Gunnvor hana wasichana kumi na mmoja nyuma yake.

Walikuwa wanawake ishirini, wakiachiwa mmoja baada ya mwingine. Eldrid alitazama kila upande wa kamba amtafute baba yake. Umati ulikuwa mkubwa, na walinzi wenye vitambaa mkononi walikuwa wakiwasukuma watu nyuma. Hakumwona. Neno la siku hiyo litangoja, aliwaza. Saa ikafika, akajirusha mbele.

Hatua tano za kwanza alihisi kitu. Hatua kumi, akajua.

Theluji ilikuwa imemshika. Haikuteleza chini ya mbao, ilipanda nazo, ikaganda, ikaongezeka, na kila alipoinua mguu aliinua bonge kubwa kama mkate mbichi. Aliupiga mguu chini bonge lidondoke, likadondoka, na hatua mbili mbele likarudi jipya. Hakuelewa. Akili yake ilikataa kabisa kuelewa. Hii ni nta ya baba! Ni nta ya kopo la bluu, siku ya sufuri, theluji mpya! Ni kama mtu amekwenda nyumbani kwao, akabisha hodi, na watu wa ndani wakamwambia hawamjui.

"Ewe binti!" mwanamume mmoja alimpigia kelele kutoka kwenye kamba. "Umekuja na skii au na viatu vya zizini?"

Watu wakacheka, halafu kicheko kikafa, maana walikumbuka kwamba huyu anayecheza ngoma ya bata ni wa kwao. Mfini wa kwanza akampita. Alipita bila sauti, mgongo umelala, mbao zinanong'ona. Wa pili akampita. Kilomita ya nne Eldrid alisimama, akavua skii, akazikwangua kwa kisu huku machozi yanamtoka, akavaa, akaenda hatua thelathini, na mabonge yakarudi.

Ndipo aliposikia nyuma yake, "Njia!"

Ndivyo wanavyoita wanaotaka kupita, na anayeitwa hana budi kuondoka. Akajisogeza pembeni. Aliyempita alikuwa Gunnvor. Alikuwa ameachiwa dakika mbili baada yake, na sasa alipita kama maji yanavyopita bombani, mashavu mekundu, na alipokuwa akipita akapiga kelele, "Eldrid! Mungu akubariki!"

Eldrid alisimama pale pembeni mdomo wazi. Kwa muda alisahau kabisa kwamba yuko mashindanoni.

Alimaliza wa kumi na sita. Watatu wa kwanza walikuwa Wafini, wote watatu. Namba zilipopandishwa ubaoni umati ulizisoma, ukazisoma tena. Watu wale waliambiwa tangu kunyonya kwamba wao huzaliwa na skii miguuni. Wanaume wao walikuwa wameshinda wiki ileile, bendera zilikuwa bado mikononi, na sasa zilining'inia kama nguo za kufua. Mtangazaji wa redio alirudia majina ya Wafini mara mbili, polepole, kama anayesoma barua ya msiba asiyoiamini. Kocha alikuwa ameketi juu ya kasha, kofia magotini.

"Nilisema mimi," alisema bwana mmoja mwenye soseji mkononi. "Wanawake." Mke wake akamtazama, naye bwana akaendelea kutafuna.

Gunnvor akaja mbio, akamkumbatia Eldrid mpaka mbavu zikauma. Alikuwa wa mbele kati ya wale wanne, ingawa medali aliikosa.

"Nta yako!" alisema huku analia. "Nta yako, Eldrid! Sijawahi kuteleza vile maishani! Umenipa yako nzuri, wewe ukabaki na... ukabaki na nini? Ee Mungu, ulinipa yako?"

Eldrid alikuwa akimtazama mtu ambaye yeye alitaka kumzika kwa mikono yake mwenyewe, na mtu yule anamshukuru.

Nyuma ya kamba alisimama Tarjei, kofia mkononi, kifungo kimoja cha koti kimeng'oka. Treni ilichelewa, kisha mlinzi mmoja akamzuia robo saa nzima. Alimwita kwa mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulipaka ipi?"

"Ya kopo la bluu, baba. Ningepaka ipi?"

Tarjei aliketi chini, pale pale kwenye theluji iliyokanyagwa, kama mtu aliyekatwa maini.

"Niliibadilisha," alisema.

"Ulibadilisha nini?"

"Nta. Usiku wa kuamkia safari. Bonde zima wanalijua kopo la bluu la Bråten. Nikasema mwizi akija ataiba la bluu. Nikaitia nzuri katika la wageni, na mbaya katika la bluu. Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Unaongea usingizini, Eldrid, tangu una miaka miwili. Ningekuambia, saa nane ya usiku nchi nzima ingejua."

"Na simu?"

"Simu zote za bonde anaziunganisha Tilda, naye ni shemeji wa Anfinn. Ana sikio moja kwetu na moja kwao."

"Barua, baba! Barua!"

"Barua hufunguliwa," alisema Tarjei, na kwa mara ya kwanza maishani akayasikia maneno yake mwenyewe. Akafunika uso kwa kofia. "Kwa miaka thelathini sijapoteza hata tone la nta ile. Hata tone."

Eldrid alitaka kumpigia kelele. Ila alichokuwa akikiona ni mkono wake mwenyewe ukiingia mfukoni pale ghalani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, klabu ilikutana bandani. Wanaume ishirini na wawili, Eldrid peke yake mwanamke. Nje, wasichana kumi na mmoja walisimama dirishani, kioo kimefunikwa na pumzi zao.

Anfinn alisoma kwa sauti yake ya upole. Binti Bråten, wa kumi na sita. Masharti yalijulikana. Hakuna aliyeonekana kufurahi, ila Olaus wa duka la mikate, aliyeguna kwa kuridhika.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Anfinn.

Tarjei akasimama. Watu waligeuka, maana hakuwa amesema neno katika mkutano tangu vita viishe. Alitembea hadi mezani akaweka makopo mawili, la bluu na la kahawia.

"Hili ni letu," alisema. "Na hili ni la wageni. Miaka thelathini nimewapa ninyi kutoka hili. Wote. Wewe Olaus, wewe Knut, na marehemu ndugu yako. Nyuso zangu mbili ndizo zilizomwangusha mwanangu. Nilificha nta mpaka nikamficha na yeye."

Mtu kutaja kopo la wageni mbele ya watu, kwa jina lake! Ni heri angevua suruali. Kila mmoja aliyatazama yale makopo kana kwamba yatasema.

Halafu Olaus akaruka juu. "Mwaka wa thelathini na nane!" alipiga kelele, uso mwekundu. "Mbio za mkoa! Ulinipa kwa mkono wako, ukaniambia nipake nyingi! Nilianguka mara nne mbele ya mchumba wangu!"

"Nakumbuka," alisema Tarjei.

"Aliolewa na mwanamume wa Lillehammer!"

"Nakumbuka, Olaus. Nisamehe."

Eldrid naye akasimama.

"Na mimi nina langu," alisema. "Gunnvor aliniomba nta asubuhi ile. Tulikuwa timu moja, tumevaa sweta moja. Nilimpa kutoka kopo la wageni ili aanguke. Sikujua ndiyo nzuri. Alinishukuru, na mpaka leo ananishukuru, amenitumia na barua. Msimlaumu baba peke yake. Nilijua ninachofanya, na nilikifanya kwa tabasamu. Wafini walipaka kutoka sufuria moja, nje, sisi tunawatazama. Na sisi tukawahurumia."

Aliketi. Olaus, ambaye hakuwa amemaliza, akasema, "Yote hayo sawa, lakini makubaliano ni makubaliano. Mkono ulipeanwa."

"Mkono ulipeanwa juu ya miguu yake," alisema Anfinn polepole. "Haukupeanwa juu ya kopo la baba yake." Aliyasogeza makopo yale katikati ya meza. "Haya, tupige kura. Anayetaka wasichana waondoke njiani, anyooshe mkono. Ila kwanza aende nyumbani, alete kopo lake la wageni, aliweke hapa pamoja na la Tarjei."

Wanaume ishirini na wawili walitazama sakafu. Mmoja alikohoa. Knut alianza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Olaus alifungua mdomo, akamtazama Tarjei, akamtazama Anfinn, akaketi.

"Hakuna?" alisema Anfinn. "Basi imepita. Njia, banda na mwalimu."

Nje wasichana walikuwa wamesikia, na kelele zao zilitikisa kioo. Eldrid hakujua kama analia au anacheka. Alipita kati ya wanaume wasiomtazama usoni, akatoka hadi barazani, akashika nguzo.

Anfinn alimfuata. Alifunga mlango nyuma yake, akasimama kando yake akiwatazama wasichana wakivaa skii zao kwa pupa.

"Lipo moja nimetaka kukuuliza," alisema. "Asubuhi ile ilikuwa sufuri."

"Ndiyo."

"Na theluji mpya."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Langu jeupe hukulitumia?"

Baada ya kusema yote yale ndani, Eldrid angeficha hili? "Nililitupa dirishani," alisema. "Kabla ya daraja."

Anfinn hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu aliyepewa habari aliyokwisha kuihisi. Aliutazama mkono wake mpana.

"Lilikuwa la kweli," alisema. "La babangu. Sijawahi kumpa mtu, hata wanangu hawajui linavyopikwa. Nililala macho siku mbili nikijiuliza nikupe nisikupe. Kisha nikasema, safari hii haendi kushindana na sisi, anakwenda kwa ajili yetu."

Eldrid aliishika nguzo kwa mikono yote miwili. Mbele ya macho yake kopo jeupe liliruka tena hewani, likazama kwenye theluji bila sauti. Baba yake mzazi alimpa mbaya. Mtu aliyemwita kikulacho alimpa nzuri.

"Mbona hukuniambia?" alisema. "Neno moja tu pale dirishani! Mbona hukuniambia kwamba ni la kweli?"

Anfinn akamgeukia.

"Ningekuambia," alisema, "ungeniamini?"

Njiani msichana mmoja alimwita mwenzake, "Njia! Njia!" Eldrid aliwaza stesheni, na tabasamu lake, na lile asante sana.

"La," alisema. "Nisingekuamini."

Anfinn alivaa kofia yake, akatoa funguo, akashuka ngazi kwenda kuwafungulia wasichana banda.